Mkono Ulioanza

...mwache kwanza, anafikiria, fundi akinyamaza si lazima awe amesahau, hata mimi darasani huwa nageukia ubao na chaki mkononi nikasimama kidogo, watoto wanadhani natafuta neno kumbe napumzika tu, kwa hiyo mwache baba apumzike, tangu asubuhi anaongea mzee wa watu, anaongea kuliko mwenyekiti wa mtaa wakati wa kampeni, acha ameze mate... lakini Paskazia, acha kujidanganya, huko si kupumzika, mkono umesimama palepale kwenye tundu, ule mkanda wa ngozi ameushika kwa vidole viwili, ncha inaning'inia, maji yanamdondokea kwenye kiatu na hata mguu hausogezi, na macho, macho hayako kwenye ngoma, yako juu ya ngoma kidogo, mahali ambapo hakuna kitu, na watoto wameanza kutazamana, naona mabega yao, mimi mabega ya darasa la sita nayajua, yakianza kucheza namna hiyo kicheko kiko njiani, na wa kwanza kucheka atakuwa Lukman, na Lukman akicheka leo, haki ya Mungu, akicheka leo sijui nitamfanya nini. "Mwalimu," Odeta ananivuta sketi, sauti ya chini, "babu anasali?" Anasali! Laiti. "Shii," namwambia, "fundi akiwa kazini haulizwi," na hilo si langu, hilo ni neno lake mwenyewe baba, nimelisikia tangu sijang'oa jino la kwanza, fundi akiwa anawamba ngoma haulizwi, hasemeshwi, haguswi, na mkono ulioanza ndio unaomaliza, maana kila mkono una nguvu zake, huu ukivuta nusu na ule ukaja kuvuta nusu iliyobaki ngozi inakaa upande, ngoma inalia kama mtu mwenye mafua, ndivyo alivyokuwa anasema, na siku ile nilipojitia kimbelembele, nilikuwa la tatu, ameenda kunywa maji nikaushika mkanda wake nikavuta tundu moja, moja tu, ili akirudi afurahi, akarudi, akaitazama ile ngoma, akajua, hata sijui alijuaje, hakunipiga, hakusema kitu, alifumua yote, yote kabisa, akaanza upya kimya kimya mpaka jua likazama nyuma ya mawe, na mimi nimekaa pembeni nalia, afadhali angenichapa.

Kwa hiyo sasa nifanye nini, niende pale niushike tena? Ni hatua chache tu, tundu linalofuata naliona kutoka hapa nilipo, lile la kushoto, unapitisha mkanda chini, unarudi juu, unavuta kwa goti, basi, hata usiku wa manane ukiniamsha nitafanya, na ngozi haisubiri, ngozi iliyolowekwa ikitoka kwenye maji ni ya kufanyiwa kazi hapohapo, na leo kuna jua la Kisesa na upepo wa ziwa unaingia kwa mlango ule, kingo zimeanza kugeuka rangi, zinakuwa nyeupe nyeupe, baba, kingo hizo baba, jamani hata ngozi huioni... na mlangoni kasimama nani? Shigela. Mdogo wangu Shigela, amejiegemeza kwenye fremu ya mlango, funguo za gari zinazunguka kwenye kidole, zinazunguka zinasimama, zinazunguka zinasimama, na hatazami ngoma yule, ananitazama mimi. Nitazame tu. Ulikuja kutoka Kahama kwa ajili hiyo, kunitazama. "Dada," alisema jana pale kwangu, chai hajaigusa, "dada, mimi sitaki ugomvi, wewe ndiye unasema mzee mzima, haya, kesho wanafunzi wako wanakuja, akiwamba ngoma moja mbele yao, moja tu, mwanzo mpaka mwisho, bila wewe kumsaidia hata kwa jicho, mimi nanyamaza, anabaki na karakana yake mpaka Mungu amchukue, lakini akishindwa, Jumapili naondoka naye, na karakana tunaifunga, na wewe usinililie." Na mimi kwa mdomo wangu huu, mdomo huu Paskazia utakuponza siku moja, nikasema sawa, nikasema tena kwa kiburi, njoo kesho uone, nikamwambia kichwa kinaweza kusahau lakini mikono haisahau, mikono ya baba inajua ngoma kuliko wewe unavyoijua njia ya kwenda kwako. Loh. Mikono haisahau. Nimelisema mara ngapi hilo, nimelisema kwa Shigela, nimelisema kwa padri, nimelisema kwa yule daktari kijana aliyekuwa ananielezea taratibu kama mimi ndiye mgonjwa, nikamkatiza, nikamwambia daktari wewe hujaona mikono yake.

Na ni kweli, si nilishuhudia, mwezi ule wa mvua nilikuja jioni umeme ukakatika yeye akiwa katikati ya kazi, nikasema ngoja nitafute mshumaa, akasema wa nini, akaendelea kuwamba gizani, nasikia tu ule mkanda unapita kwenye tundu, swii, goti linagonga mzinga wa ngoma, swii, na ule wimbo wake usio na maneno anaoguna akifanya kazi, mdomo kaufumba, mmh-mm, mmh-mm, taa ziliporudi ngoma imekwisha, imenyooka, nikalia kwa furaha, nikatoka nje nikampigia Shigela simu, unaona, unaona wewe! Sikumwambia kwamba baada ya hapo baba alinishukuru kwa kuja akaniuliza mama yenu hajarudi tu kutoka sokoni, mama ambaye tumemzika sote watatu, mchanga tumemwaga wote. Hilo nililiacha. Kila mtu anaacha kitu akisimulia.

"Mwalimu Paska," huyu sasa ni Yahaya, mwalimu mwenzangu wa michezo, yuko nyuma ya sikio langu, ananong'ona kwa heshima zake zote, "dereva anauliza, tukichelewa hapa kule Kageye hatutazunguka kote," na mimi natikisa kichwa tu, Kageye, ni kweli, bado kuna Kageye, mji wa kale, watoto wameahidiwa, wamefundishwa mwezi mzima, misafara ilifika ziwani hapa, watu wakashusha mizigo hapa, wengine hawakuondoka tena wakazikwa hapa, nimewachorea ramani ubaoni, lakini Yahaya kaka yangu, makaburi hayakimbii, mji ule umekaa pale miaka yote hiyo utakaa na saa moja tena, ni huyu hapa mbele yetu anayeondoka, huoni? Haoni. Kwa nini aone. Anaona mzee amechoka. Yahaya ni mtu mwema, Ramadhani hutuletea futari mpaka sisi tusiofunga, nikimwambia atapiga makofi atasema haya watoto tumpumzishe babu tutoke nje, na babu atapumzishwa, na Shigela ataziweka funguo mfukoni. Hapana. "Dakika moja," namwambia. Dakika moja ya nini hata mimi sijui.

Na asubuhi alikuwa mzima! Kila mtu ameona. Basi limesimama pale barabarani, watoto wa Buzuruga hao, wameshuka na mifuko yao ya maandazi na maji, wametazama kibao cha mabati juu ya mlango, KIWANDA CHA NGOMA NKWABI NA WANAWE, rangi nyekundu aliipaka mwenyewe nikiwa mdogo, na hilo neno wanawe ndilo sisi, mimi na Shigela, mmoja anashika chaki na mwingine anauza vipuri vya pikipiki, wanawe, haya, na Lukman akatazama huku na huku akasema kwa sauti, "Mwalimu, mashine ziko wapi?" maana mimi ndiye niliyewaambia kiwanda, nimewaambia wazazi kiwanda cha vyombo vya muziki, wametarajia moshi na mikanda inayozunguka, na baba akatoka ndani na aproni yake ya gunia, akasema, "Mashine ndiyo mimi. Kalibuni, wanangu, kalibuni," hivyohivyo kalibuni, ile herufi haijawahi kukaa kwenye ulimi wake, watoto wakacheka, wakampenda hapohapo, na mimi nikawaambia, darasa, nikavimba kichwa nikiwaambia, huyu ni baba yangu mzazi, wakashangaa, mwalimu naye ana baba, wakasimama wima kama ninavyowafundisha, wakaimba wote, "Shikamoo babuuu," na yeye akaipokea, "Marahabaaa," akaivuta kama wao, mkono kifuani, na moyo wangu ukatulia kabisa, nikamtafuta Shigela kwa macho, nikamwinulia kidevu, umeona.

Akawaonyesha mti unavyochimbwa, akawapa tezo la kuchimbia washike walione lilivyo zito, akawatolea ngozi kwenye pipa la maji, ikanuka, wakaziba pua, akasema ng'ombe huyu alikuwa mkimya sana, hasemi kitu, ngojeni mtasikia, amesubiri afe ndipo aanze kuongea, wakacheka tena, hata Shigela alicheka, nilimwona, alicheka kisha akajifuta mdomo kama mtu aliyekula asichoruhusiwa. Akaitandika ngozi juu ya mzinga, mgongo wa ng'ombe katikati kabisa, anaupima kwa kidole gumba, hajasahau hata hilo, wala hatumii kipimo, akatoboa matundu, akaingiza mkanda, tundu la kwanza, goti, vuta, la pili, goti, vuta, anawaeleza huku anafanya, "Hapa huvuti kwa hasira, unavuta kama unavyomvuta mtoto asianguke," na tundu lililofuata, na lililofuata, halafu... halafu hii. Katikati ya sentensi. Alikuwa anasema, "Sasa hapa ndipo mtu anapo..." na hakumaliza. Anapo nini, baba? Anapofanya nini? Watoto wamesubiri hilo neno. Mimi nimelisubiri. Hata lile basi nje limezima injini.

Nilikuwa namchukia Shigela. Naomba niseme ukweli, hapa ndani hakuna anayenisikia. Tangu alipoanza habari za Kahama nilikuwa namchukia, nikasema amepata nyumba ya vigae sasa anaona aibu baba yake kukaa kwenye mabati na harufu ya ngozi, nikasema ni mke wake, nikasema mengi, kwa shangazi nimesema, kwa majirani nimesema, lakini ule moto sikuuona mimi, aliyeuona ni yeye, siku aliyokuja kumsalimia akakuta banda la jiko la Mama Raya, jirani wa hapo ng'ambo ya uzio, linaungua, baba aliwasha nyasi apashe ngoma joto iweze kulia vizuri, kama siku zote, akauacha moto akaenda zake mnadani, kiatu mguu mmoja, akasimama katikati ya ng'ombe anauliza njia ya kwenda kwao, kwao, mtu aliyezaliwa hapohapo, na Mama Raya ndiye aliyeuzima kwa maji ya kufulia, na hakusema neno baya, alisema tu kwa Shigela, "Mwanangu, huyu mzee siku moja atateketea humo ndani na sisi tumelala." Shigela aliponieleza sauti ilimkatika. Nami nikasema unatia chumvi. Mdogo wangu wa pekee, niliyembeba mgongoni, analia kwenye simu, namwambia unatia chumvi.

Na mimi ningemchukua, angalau hilo mtu asinisingizie, ningemchukua akae kwangu, lakini kwangu ni juu ya mawe kule, vyumba viwili vya kupanga, ngazi za kuchonga kwenye jabali zisizo na pa kujishikia, mimi mwenyewe mvua ikinyesha nashuka nimekaa kitako, na kutwa nzima niko shuleni, nani atamwangalia, nitamfungia ndani kama kuku? Na hapa Kisesa siwezi kulala kila siku. Kwa hiyo nikabaki na kitu kimoja tu cha kumshikilia, mikono yake. Nikaifanya hiyo mikono kuwa shahidi. Nikaleta na hakimu, darasa zima na sare zao, nikasema haya mikono, sema. Nimeyataka mwenyewe. Wala hakuna aliyenituma.

"Amelala amesimama," hiyo ni sauti ya Lukman, nilijua, nilijua itakuwa yeye, lakini hacheki, namgeukia nimkate kwa jicho, hacheki, uso wake umekunjamana kama mtoto anayesikia wazazi wanagombana chumba cha pili, anamtazama baba na anauma ukosi wa shati. Odeta amekishika kipande cha sketi yangu hajakiachia. Watoto wanajua. Hawajui ni nini lakini wanajua. Na nzi ametua kwenye ngozi, anatembea juu ya mgongo wa ng'ombe, kwa baba siku zote nzi haruhusiwi, humfukuza kwa kofi kabla hajakunja mabawa, sasa anatembea tu, anafika kwenye mkono wake, anapanda juu ya kidole, baba, fukuza nzi basi. Fukuza hata nzi tu. Ngoma iache, nzi tu, niweze kumwambia Shigela ulimwona alivyofukuza nzi...

Nikohoe? Nikikohoa Shigela atasema nimemsaidia. Hata kwa jicho, tulikubaliana. Nimwulize swali kama mwalimu, mzee Nkwabi hebu waeleze watoto tundu linalofuata ni lipi? Na kama hajui? Nitakuwa nimemvua nguo hadharani. Nikinyamaza naye amesimama hivyo, pia yuko uchi, ananiachia mimi nimfunike na sina nguo. Mungu wangu, nimezoea kujua nani afanye nini, wewe kaa, wewe simama, wewe kafute ubao, miaka yote hii sauti yangu ikitoka watu hamsini wanatii, na leo sina hata amri moja ya kumpa. Enyi mikono. Si nimewasifia. Si nimewatetea. Na ni hapo, sijui kama nimekusudia, Mungu ndiye anajua, ninasikia wimbo, mmh-mm, mmh-mm, nadhani ni yeye, moyo unaruka, kumbe ni mimi, ni mimi ninayeguna, mdomo nimeufumba, ule wimbo wake wa kuwambia ngoma, unatoka puani mwangu mdogo mdogo, mmh-mm, swii, goti, mmh-mm, Shigela anaacha kuzungusha funguo, amesikia, najua amesikia, anaweza kusema hapo hapo dada umevunja masharti, hasemi, jamani Shigela hasemi, amefumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu haya mambo yaanze naona uso wake mzima na hakuna ushindi wowote humo, anaomba, huyu mpumbavu naye anaomba kitu kilekile ninachoomba mimi, alikuja kutoka Kahama akitumaini kushindwa...

Na baba anainua kichwa. Anainua! Polepole, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto, macho yanashuka kutoka pale palipokuwa hapana kitu, yanapita juu ya ngozi, yanapita kwa watoto, yanazitazama sare zao, yale mashati meupe, zile soksi, mstari wa mbele, mstari wa nyuma, anawatazama kwa makini sana, kisha yananifikia mimi. Ananiona. Ananiona vizuri. Sasa ataniita mayu, ndivyo anavyoniita, mama, Msukuma gani hamwiti binti yake mama, atasema mayu nilikuwa nimefika wapi, na mimi nitacheka niseme baba nawe kwa maringo, na mkanda utapita, swii, na Jumapili itakuwa Jumapili kama nyingine, kanisani na kuku. Mdomo wake unafunguka. Anavuta miguu, anaiweka pamoja, kisigino kwa kisigino, mgongo unanyooka, yeye ambaye mgongo wake haujanyooka tangu mama afe.

"Shikamoo, mwalimu."

Nani? Kamwambia nani? Natazama nyuma yangu, nafikiri Yahaya, hapana Yahaya ni mdogo kuliko mimi, hakuna mtu nyuma yangu, ni mimi, baba yangu mzazi ameniamkia mimi, na watoto wamevuta pumzi yote kwa pamoja, nimeisikia, maana nimewafundisha mwenyewe, mdogo huanza mkubwa hupokea, shikamoo haigeuzwi, nimewachapa kwa ajili ya hilo, na sasa mzee mwenye mvi anamwamkia bintiye mbele yao, na hiyo si salamu ya utani, baba ana utani wake naujua, nilipopata ualimu alikataa kuniita mwalimu, alisema mimi walimu nawaogopa, nimemzaa mwalimu sasa nitakimbilia wapi, akacheka mpaka akakohoa, na alikuwa anawaogopa kweli, aliishia la nne, mwalimu wao alikuwa anachapa kiganja kwa hesabu ambayo hukuimaliza, alinisimulia mara moja tu, na alipokuwa anasimulia aliuficha mkono chini ya mapaja, mtu mzima na watoto wawili, anaficha mkono. Na sasa haufichi. Mkono wa kulia bado umeshika mkanda, wa kushoto anautoa mbele, anaunyoosha, kiganja juu, vidole pamoja, ananitazama mimi usoni na ni macho ya mtoto wa la nne, ni yaleyale ninayoyaona kila siku ya Mungu mbele ya meza yangu, nayajua, ninaweza kuyachora.

"Sijamaliza, mwalimu."

Baba ni mimi. Hilo ndilo linanijia kwanza, baba ni mimi Paska wako, na nikilisema itakuwaje, atatafuta Paska ni nani, atatafuta humo ndani na asinipate, mbele ya watu wote hawa, na mwalimu wake atakuwa ametoweka pia, atabaki peke yake kabisa na kiganja nje. Na nikinyamaza? Mtoto akiamkia haketi mpaka aitikiwe. Hiyo ni sheria yetu, si yangu, nimeikuta. Atasimama hapo. Atasimama mpaka jioni, mguu kwa mguu, anasubiri fimbo, na mimi ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumketisha, na neno ni moja, na neno hilo mdomo wa mtoto haumjibu nalo mzazi wake, heri nimeze jiwe, mama huko uliko ziba masikio... Mikono haisahau, ulisema Paskazia. Ni kweli. Huo hapo, haukusahau. Umeikumbuka fimbo ya miaka yote hiyo, ngoma ndiyo umeisahau.

"Marahaba," nasema. Sauti imetoka ya darasani, safi, hata haikutetemeka, sijui imetoka wapi. "Marahaba, Nkwabi. Umefanya vizuri sana. Iliyobaki utamaliza kesho." Nimemtaja jina. Baba yangu nimemtaja jina mdomoni kama mtoto wa jirani. Yahaya ameinamisha kichwa. Shigela amegeuka, anatazama nje barabarani, mabega yake, hata yake nayajua, na sina haja ya kusubiri aseme, Jumapili mimi ndiye nitakayemkunjia nguo, na ile aproni ya gunia nitaiweka juu kabisa ya begi ili akiitafuta aipate, na ngoma hii itabaki hapa hivihivi, nusu, hakuna atakayeigusa, mkono ulioanza ndio huo. Lakini kiganja bado kiko nje. Hajaamini. Kwa hiyo nafanya kinachofanywa, nawageukia watoto, nawaambia, "Mpigieni makofi," na anayeanza ni Lukman, Lukman yule, polepole, bila utundu, halafu Odeta anaiachia sketi yangu apate mikono, halafu wote, makofi yale ya darasa la sita, pa pa pa, yanagonga mabati ya karakana, na baba anakitazama kiganja chake, ananitazama mimi, anakitazama tena, anakishusha. Maji bado yanadondoka kutoka kwenye mkanda. Anatabasamu, anatafuta kwa mkono kigoda nyuma yake, na anakaa.